Kujipima Mbele ya Mwenye Jeraha

Katika hoteli za mji wa Garissa semina za uongozi hazikauki, hasa tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Viongozi wa vijana, akina mama wa vikundi, walimu, machifu na wafanyakazi wa mashirika huketi mbele ya mkufunzi, wakapewa chupa ya maji, kalamu na fomu ya kujipima. Fomu inauliza: Je, husikiliza kabla ya kuamua? Hutimiza ahadi? Hukubali kukosolewa? Kila mtu ajipe alama kuanzia moja hadi tano. Wengi hujipa nne. Tano itaonekana majivuno, tatu itaonekana kujidhalilisha, na nne haimuudhi mtu. Jioni vyeti vinagawanywa, picha inapigwa, na kesho yake kila mmoja anarudi kwa watu wake akiwa vilevile alivyokuja.

Sina ugomvi na fomu hizo. Kujiuliza ni afadhali kuliko kutojiuliza. Shaka yangu ni juu ya anayesahihisha majibu. Nyani haoni kundule, na binadamu akiombwa aeleze uadilifu wake hukumbuka siku zake njema tu. Tena huku kwetu Kaskazini Mashariki, ambako swali la ukoo hufuata jina hata kabla ya chai kupoa, upofu huo haumpati mtu peke yake. Mtu anaweza kuwa mpole nyumbani, mkarimu kwa wageni, mwaminifu kwa fedha za msikiti, na bado asione kabisa kwamba kila anapogawa, mkono wake unaelekea upande mmoja. Walio wake watamsifu kwa uadilifu, kwa sababu wao ndio waliopata. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na waliokaa upande ule hawana sababu ya kulalamika.

Basi anayetaka kwa dhati kujijua kama kiongozi ajipime mbele ya nani? Jibu bora ninalolifahamu lilitoka Wajir, kwa wanawake ambao walikuwa na kila sababu ya kuogopana.

*

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa imeelemewa. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa Desemba 1963 ilikuwa imeondolewa mwaka 1991 tu, baada ya karibu miaka 28 ambayo wakazi waliishi chini ya amri ambazo Wakenya wa sehemu nyingine hawakuzijua. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka pia. Ukame ukamaliza mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukaongeza ushindani wa viti juu ya ushindani wa visima na malisho. Koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zikaingia vitani, watu wakauawa kwa mamia, na mji wenyewe ukagawanyika. Hata sokoni ilifika mahali mwanamke wa ukoo huu hakuweza kumuuzia maziwa mwanamke wa ukoo ule.

Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964, hali ya hatari ikiwa bado changa. Wakati wa mapigano hayo alikuwa mama kijana, akifanya kazi katika mradi wa afya kwa wafugaji wanaohamahama. Baadaye alisimulia juu ya usiku ambao risasi zilirindima karibu na nyumba yake, naye akajificha chini ya kitanda pamoja na binti yake. Kulipokucha, mama yake alimwambia kwamba naye, zama za vita vya shifta vya miaka ile ya mwanzo ya hali ya hatari, alimficha Dekha chini ya kitanda vivyo hivyo. Dekha akabaki akijiuliza kama binti yake naye atakuja kumficha mtoto wake mwenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kwa sababu ya huzuni yake. Mimi hunivutia kwa kile ambacho Dekha hakukifanya. Mtu aliyelala sakafuni usiku na mtoto ana haki ya kuuliza nani aliyeanza, na ukoo wake ungempa jibu mara moja. Yeye alitazama vizazi vitatu kwa mkupuo mmoja, akaona jambo linalojirudia, akaona kwamba amesimama katikati yake. Kujipima kwake kulianzia pale aliposimama, kabla hata ya kufikia sifa na kasoro zake. Ndiyo maana kulizaa kazi.

Yeye na wanawake wachache wa koo mbalimbali wakaanza kukutana. Kabla ya kuwaendea wazee, kabla ya kwenda ofisini kwa mkuu wa wilaya, waligeukiana wao kwa wao wakaulizana: watu wa ukoo wangu wakiwaua ndugu zako, je, utaendelea kufanya kazi hii pamoja nami? Ambaye hakuweza kujibu ndiyo hakuwa tayari kujiunga.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kichwani, na kila mara naona jinsi lilivyo mbali na fomu zetu. Halimuulizi mtu anajionaje. Linamuuliza atafanya nini siku mbaya ikifika. Anayeuliza si mkufunzi aliyetoka Nairobi na atakayerudi Nairobi, ni jirani mwenye haki kamili ya kutoliamini jibu. Na jibu likishatolewa haliingii kwenye faili. Linakaa likisubiri habari za mauaji zitakazofuata, na Wajir ya miaka ile habari hizo hazikuchelewa.

Kazi ilianza sokoni. Wanawake waliwekwa kuangalia kwamba hakuna anayezuiwa kuuza au kununua kwa sababu ya ukoo wake, na kwamba ugomvi unatulizwa papo hapo kabla haujafika kwa vijana wenye bunduki. Kisha wakawageukia wazee. Mila ya shir, baraza la wazee, haikuwapa wao kiti, nao hawakupoteza muda kugombania kiti. Walitafuta wazee wa koo ndogo, zile ambazo hakuna aliyeziogopa, ili wawe wapatanishi kati ya koo kubwa. Mazungumzo hayo yalizaa Tamko la Al-Fatah la mwaka 1993, lililoweka kanuni za kurejesha amani. Vijana, wafanyabiashara na viongozi wa dini wakaingia. Mwaka 1995 juhudi hizo zote ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ndani ya mfumo wa serikali ya wilaya. Mfano huo ukasambaa katika wilaya nyingine za kaskazini, na kamati za amani zikaja kuwa sehemu ya mpango wa taifa zima wa kuzuia migogoro.

Utazame mpangilio huo kwa makini. Kila hatua ilitokana na mtu kujua asichokuwa nacho. Wanawake walijua hawana sauti katika shir, wakawatafuta wenye sauti. Walijua wazee wa koo kubwa wanashukiwa, wakawaleta wasioshukiwa. Walijua tamko la wazee bila serikali halifiki mbali, nayo serikali bila wazee haiaminiki, wakaviunganisha. Kuna watu wanaozungumza sana juu ya kujua udhaifu wao lakini timu zao zimejaa watu wanaofanana nao. Nikitaka kujua kama kiongozi amejipima kweli, huwa sisikilizi anavyojieleza. Natazama amemkaribisha nani mezani, na kama mgeni huyo ana kitu ambacho mwenyeji hana.

*

Upande wa pili wa jambo hili ni kujifunza kwa viongozi wengine, na huko pia tuna mazoea mabovu. Kijana wa Garissa akiombwa ataje viongozi wakubwa waliotoka huku, atamtaja Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyeongoza wanajeshi watiifu kwa serikali kuzima jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 na kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 1986. Atamtaja Yusuf Haji, aliyepanda ngazi za utawala wa mikoa hadi uwaziri, akawa seneta wa Garissa tangu 2013 hadi kifo chake mwaka 2021. Ni majina makubwa kwa haki. Lakini tunayakumbuka kama picha ukutani: mtu amekwisha fika juu, amevaa sare au koti, anatazama mbali. Picha ya aliyefika haionyeshi njia. Inamwacha kijana akitamani cheo, huku akidhani anajifunza uongozi.

Kiongozi husomwa vizuri akiwa njia panda. Alipaswa kuchagua nini? Alijua nini wakati ule? Nani alimwonya? Uamuzi wake ulimgharimu nani? Ukiuliza hivyo, hata mtu usiyempenda anakuwa mwalimu, na hata unayempenda anaacha kuwa mtakatifu.

Dekha mwenyewe alisoma namna hiyo. Wasomali husema asiyesafiri hana macho, naye alisafiri. Alikwenda Birmingham, Uingereza, kwenye shirika la Responding to Conflict lililofundisha watu waliokuwa wakishughulika na migogoro katika nchi zao, na baadaye akawa mkufunzi huko huko. Mwaka 2000 alikuwa mmoja wa waandishi sita wa kitabu *Working with Conflict*, ambacho wakufunzi wa amani wamekitumia katika nchi nyingi. Aliketi na watu waliotoka katika vita vya kila namna, akajifunza kwao, nao wakajifunza Wajir kwake. Mwaka 2007 alipewa Tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Muda mfupi tu baadaye Kenya iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba, na yeye, mwanamke kutoka wilaya ambayo Nairobi iliizoea kama mahali pa kupelekewa askari, akawa miongoni mwa watu wachache walioanzisha kundi la Concerned Citizens for Peace kuituliza nchi. Pamoja naye walikuwapo balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande.

Elimu hiyo ya ugenini haikumtoa katika ya nyumbani. Hakuficha kwamba imani yake ya Kiislamu ndiyo msingi wa kazi yake. Na hapo hakuhitaji kuanza upya, kwa maana mtoto yeyote aliyepitia duksi, madrasa ya Kurani, amewahi kufundishwa kwamba Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia. Khalifa Umar bin al-Khattab anakumbukwa kwa kuwahimiza watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Muhasaba, yaani huko kujihesabu, ulikuwapo vichochoroni mwetu kabla ya semina ya kwanza kufika. Kilichopungua ni kuutoa kwenye mkeka wa sala na kuupeleka kwenye kamati ya kugawa maji. Tunajilaumu usiku kwa sala iliyotupita, na asubuhi tunapitisha orodha ya ajira iliyojaa binamu zetu bila nafsi kusema lolote.

*

Kuna somo jingine ambalo haliepukiki kwa mtu wa huku anayetaka kusoma viongozi, nalo ni Wagalla. Februari 1984 vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa juani kwa siku kadhaa, wengi wakauawa. Idadi inabishaniwa hadi leo. Manusura huhesabu kwa mamia na hata maelfu, mbali sana na takwimu za kwanza za serikali.

Alikuwapo Wajir wakati ule mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa amejitolea kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu miongoni mwa wafugaji. Hakuwa na cheo chochote serikalini wala ukoo wa kumlinda. Alitoka kwenda kuwatafuta majeruhi na maiti nyikani, akasaidia habari za mauaji hayo zifike nje ya nchi, na akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ileile Somalia, akapewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi mjini Borama. Ukimsoma kwenye njia panda yake unaona kwamba hakuwa na muda wa kujiuliza kama ana kipaji cha uongozi. Mbele yake palikuwa na watu wanaokufa kwa kiu na majeraha, naye alikuwa na gari.

Sasa mrudie balozi Kiplagat, yule aliyeketi na Dekha mwaka 2008 kuokoa nchi. Alikuwa mpatanishi anayeheshimiwa Afrika, aliyefanya kazi kubwa katika mazungumzo ya amani ya Somalia. Mwaka 2009 aliteuliwa kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Mara wahanga wa Wagalla wakauliza juu ya mkutano wa maofisa wa serikali na usalama uliofanyika Wajir siku chache kabla ya mauaji, ambao yeye, akiwa katibu mkuu wa wizara ya mambo ya nje, alihudhuria. Alikana kuhusika na kilichofuata. Mwishoni mwa 2010 alikaa kando, akarejea 2012, na ripoti ya tume ikakabidhiwa Mei 2013.

Simtaji ili nimhukumu. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha mpaka wa kujipima peke yako. Inawezekana kabisa kwamba kwenye mizani yake mwenyewe hesabu ilikuwa sawa: miaka mingi ya kuwapatanisha maadui, mchango wa 2008, dhamiri safi. Lakini mjane wa Wagalla hakuwa akiuliza juu ya Somalia wala juu ya 2008. Aliuliza juu ya Februari 1984, na mema yaliyofanywa kwingine hayakuwa jibu la swali lake. Kila kiongozi, hata wa kikundi cha kina mama cha kuweka akiba, ana mtu wa namna hiyo mahali fulani: mtu anayekumbuka siku ambayo kiongozi mwenyewe amekwisha isahau. Alama anayoweza kutoa mtu huyo hakuna mwingine anayeweza kuitoa.

*

Hapa msomaji makini atanipinga, na atakuwa na hoja. Atasema: macho ya wengine nayo yana upendeleo. Jamii inaweza kumpima mtu kwa mizani mbovu kuliko yake mwenyewe.

Ni kweli. Mwaka 1997 Sophia Abdi Noor alijitokeza kugombea ubunge kupitia chama, na wazee wakapinga mwanamke kuwawakilisha, tiketi ikamponyoka. Kama angekubali kipimo kile, angerudi nyumbani akiamini hafai. Aliendelea na kazi za jamii Garissa, akaingia Bunge la kumi kwa kuteuliwa, na mwaka 2017 wapiga kura wa Ijara wakamchagua, mwanamke wa kwanza Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge. Au tazama Tamko la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano ya wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini kuhusu wizi wa mifugo, malisho na mauaji. Lilileta utulivu ambao watu waliuhitaji sana. Lakini fidia ya uhai iliwekwa kuwa mifugo 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mwanamke anayeishi chini ya hesabu hiyo ana sababu ya kutokabidhi thamani yake yote mikononi mwa wanaompima.

Kwa hiyo si kila jicho la nje ni mizani. Lazima uulize anayekupima atapoteza nini ukisimama. Wazee wale wa 1997 walikuwa wakilinda nafasi yao. Mjane wa Wagalla hakuwa na nafasi ya kulinda; alikuwa na hasara tu. Anayekukosoa ili uketi chini, msikilize kwa adabu kisha uendelee na safari. Anayekukosoa kwa sababu uamuzi wako ulimwangukia, huyo kaa naye. Kutofautisha wawili hawa ni sehemu ya ujuzi wenyewe, na haufundishwi kwa siku mbili hotelini.

Ujuzi huo unaweza kuonekana hata kwa mtu asiye na wadhifa wowote. Tarehe 22 Novemba 2014, washambuliaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 wakafanya vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148. Kuanzia hapo kila Mwislamu wa huku alikuwa amewekewa swali asiloliomba: zamu yako ikifika, utasogea pembeni? Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak. Wanawake Waislamu waliwavika wenzao Wakristo hijabu na mitandio yao, na abiria walipoamriwa watengane walikataa. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake, na kisa hicho kikazaa filamu *Watu Wote* ya mwaka 2017.

Hatuwezi kujua kila abiria alikuwa akiwaza nini. Tunachojua ni kwamba lile swali la wanawake wa Wajir, utakaa nami watu wako wakiniua?, liliulizwa tena barabarani, safari hii mbele ya mtutu, na wasafiri wa kawaida wakalijibu ndiyo. Anayetaka kuwasoma viongozi wa Kaskazini Mashariki aanze na basi hilo kabla ya kufika kwenye picha za mawaziri.

*

Haya yote yanamfaa nini mwakilishi wadi wa Balambala, mwalimu mkuu wa Dadaab, au msichana anayeongoza chama cha wanafunzi Garissa? Yanamfaa kwa mambo madogo ya kila wiki. Kama unakaa kwenye kamati ya basari, chukua orodha uliyoipitisha, uihesabu kwa majina. Wangapi ni wa ukoo wako? Wangapi ni wa familia unazokula nazo? Mmunyoyaya wa kando ya mto Tana yumo? Mtoto wa mwalimu aliyetoka Kitui, aliyezaliwa hapa hapa mjini, yumo? Kama unapanga zamu za lori la maji wakati wa kiangazi, angalia kijiji kipi hungoja mwisho kila mara. Karatasi hizo ndizo fomu yako ya kweli, na tayari umekwisha ijaza kwa mkono wako.

Kisha umpe karatasi hizo mtu wa upande uliopunjwa azisome. Umwombe aseme anachokiona. Hapo utapatwa na hamu kubwa ya kueleza: kwamba fedha zilikuwa chache, kwamba ulishinikizwa, kwamba aliyekutangulia alifanya vibaya zaidi. Huenda yote ni kweli. Yaache kwanza.

Jambo hili halina kuhitimu. Wajir ile ile iliyoifundisha nchi amani ilishuhudia tena mapigano makali ya Garre na Degodia kuvuka mpaka wake na Mandera mwaka 2014, na kamati zikalazimika kuanza tena mazungumzo. Wapo waliosema basi kazi ya akina Dekha ilishindwa. Nadhani wanakosea. Amani ile ilisimama kwa muda wote ambao watu walikuwa tayari kuulizana lile swali gumu, na ilipolegea ni kwa sababu kizazi kipya cha viongozi, chenye bajeti za kaunti mkononi, kilirithi kamati bila kulirithi swali.

Dekha Ibrahim Abdi alifariki Julai 2011 kwa majeraha ya ajali ya barabarani iliyompata akiwa safarini kuja Garissa kwa shughuli za amani. Hakuwahi kuwa mbunge wala waziri.

Wewe unayejiandaa kuongoza, soma vitabu, nenda semina, jaza fomu. Lakini kabla hujaomba kura au cheo, mtafute mtu mmoja ambaye wewe au watu wako mlimkosea, mwombe akuambie anavyokuona, na siku hiyo usimjibu. Ukishindwa kumtaja hata mmoja, usijipongeze. Maana yake hujaanza kujipima.